Kusikiliza Nyufa za Ardhi: Mitetemo Inaweza Kutuambia Nini Kuhusu Maji na Mafuta ya Garissa

Kila mara malori mazito ya utafiti, yale yenye bamba kubwa la chuma tumboni, yanapoonekana kwenye barabara za vumbi za Garissa, Wajir au Mandera, maswali ya wananchi huwa ni yale yale. Wanatafuta mafuta? Wamepata? Na kama kweli wana uwezo wa kuona chini ya ardhi, mbona hawatuonyeshi maji?

Swali hilo la mwisho ndilo la maana zaidi, na halijibiwi inavyostahili. Nimefanya kazi ya visima kwa miaka mingi katika kaunti ya Garissa, na nimeulizwa swali hilo kwenye mikutano ya wazee, kwenye vilinge vya chai na hata na vijana waliowahi kuajiriwa vibarua vya kutandaza nyaya za utafiti. Makala haya ni jibu langu. Nitaeleza namna mitetemo inavyotumika kutafuta nyufa kwenye miamba, imefanya nini hapa kwetu na kwingineko, na mahali inapofikia kikomo. Mwisho nitataja haki tuliyo nayo juu ya taarifa ambazo tayari zimekusanywa katika ardhi yetu.

Chini hakuna ziwa

Wengi wetu huwaza kwamba chini ya ardhi kuna mto unaopita au ziwa lililofunikwa, na kazi ya mchimbaji ni kulitoboa. Sivyo. Maji, mafuta na gesi hukaa ndani ya mwamba wenyewe, na hukaa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni katika vitundu vidogo kati ya chembe za mchanga, kama maji yanavyokaa ndani ya sifongo. Hivyo ndivyo ilivyo hazina ya Merti, ile inayoanzia upande wa Habaswein ikielekea Dadaab na Liboi hadi kuvuka mpaka wa Somalia. Ni mchanga na changarawe za kale, na maji yake hupatikana kwenye kina cha mita mia moja na zaidi.

Njia ya pili ni katika nyufa. Mwamba mgumu kama ule wa magharibi mwa Garissa, ukielekea Mwingi na Kitui, hauna vitundu vya kutosha. Ukichukua kipande kizima ukakiloweka usiku kucha, hakinywi maji. Lakini mwamba huo ukiwa umepasuka, nyufa zake hupokea maji ya mvua na kuyahifadhi. Vivyo hivyo kwa mawe ya chokaa ya Mandera, ambayo ni ya enzi ya Jurasiki. Katika miamba ya namna hii, kisima kikikata nyufa kinatoa maji, na kikipita mita thelathini pembeni huenda kikawa kikavu kabisa. Ndiyo maana utaona boma moja lina maji na jirani yake hana, na watu wakadhani ni uchawi au ubaguzi wa mkandarasi.

Kwa hiyo msemo wetu wa usipoziba ufa utajenga ukuta, huku chini umegeuka. Ufa ndio mali yenyewe.

Namna ardhi inavyosikilizwa

Mnunuzi wa mtungi sokoni huugonga kwa kidole na kusikiliza. Ukiwa mzima unalia, ukiwa na ufa sauti inakufa. Utafiti wa mitetemo ni kitendo hicho hicho kwa kipimo kikubwa.

Kwanza ardhi hugongwa. Kwa kina kifupi, nyundo ya kilo chache juu ya bamba la chuma inatosha. Kwa kina cha kilomita kadhaa hutumika baruti iliyofukiwa, au yale malori yanayoshusha bamba na kuitikisa ardhi kwa sekunde kadhaa. Kisha mtetemo husafiri kwenda chini, na kila unapokutana na tabaka tofauti, sehemu yake hurudi juu kama mwangwi. Vipokezi vidogo vinavyoitwa jiofoni, vilivyochomekwa ardhini kwa mstari, hurekodi mwangwi huo. Kompyuta hupanga rekodi hizo hadi zikatoa picha ya matabaka.

Hesabu yake si ngumu. Mtetemo ukitumia sekunde 2 kwenda na kurudi, na kasi yake ni mita 3,000 kwa sekunde, basi tabaka lililourudisha liko mita 3,000 chini: nusu ya muda ni ya kwenda na nusu ni ya kurudi.

Kasi yenyewe hutoa habari. Katika mchanga mkavu wa juu, mtetemo huenda kwa mita mia tatu hadi mia nane kwa sekunde. Mchanga ukijaa maji, kasi hupanda hadi kama 1,500 au zaidi. Katika jiwe gumu lisilopasuka hufika 5,000 na kuendelea. Jiwe hilo likiwa limepasukapasuka, kasi hushuka, na mtetemo hufika umechoka, nguvu zake zimenyonywa njiani.

Kuna pia aina mbili za mawimbi ambazo msomaji anapaswa kuzitofautisha. Moja ni wimbi la kusukuma, ambalo hubana na kuachia mwamba kuelekea linakokwenda. Hili hupita katika mawe na katika maji pia. Lingine ni wimbi la kutikisa, ambalo huuyumbisha mwamba kando kando. Hili haliwezi kabisa kupita katika kitu cha majimaji, kwa sababu maji hayashikani kama jiwe. Tofauti hii ndogo ndiyo imewapa wataalamu njia ya kuzitambua nyufa.

Ufa wenyewe hauonekani

Hapa ndipo watu wengi hupotoshwa. Mtu akikwambia mashine yake inauona ufa mmoja mmoja kilomita mbili chini, usimwamini. Tuchukue tena kasi ya mita 3,000 kwa sekunde, na mtetemo unaopiga mara 30 kwa sekunde. Urefu wa wimbi moja unakuwa mita 100. Kwa kawaida, kitu chembamba kuliko robo ya urefu huo, yaani mita 25, hakitenganishiki vizuri na jirani yake. Ufa wa kupitisha maji unaweza kuwa mwembamba kuliko ukucha.

Kinachoonekana moja kwa moja ni mipasuko mikubwa, pale ambapo tabaka zima limekatika na upande mmoja umeshuka. Nyufa ndogo hujulikana kwa athari yake zikiwa nyingi pamoja.

Fikiria shamba la minazi iliyopandwa kwa mistari iliyonyooka. Ukitembea kufuata mistari, unakwenda kwa haraka bila kizuizi. Ukitembea kukata mistari, unakutana na shina kila mara na unachelewa. Mwamba wenye nyufa zilizoelekea upande mmoja hufanya hivyo hivyo. Wimbi linalofuata mwelekeo wa nyufa huwahi, na linalozikata huchelewa. Watafiti wakipima kasi kutoka pande zote za dira, wanaweza kujua nyufa zimeelekea wapi.

Wimbi la kutikisa huonyesha jambo hili vizuri zaidi. Likiingia katika mwamba wa aina hiyo hugawanyika mapande mawili. Moja huyumba sambamba na nyufa na hufika mapema, lingine huyumba kwa kuzikata na hufika limechelewa. Pande lililotangulia huonyesha nyufa zimelala kuelekea wapi, na pengo la muda kati ya mawili huonyesha nyufa ni nyingi kiasi gani.

Hata hivyo, ufa uliogunduliwa si lazima uwe mlango. Nyufa nyingine zimezibwa na udongo wa mfinyanzi au chokaa iliyoganda, na badala ya kupitisha maji huyazuia kama ukuta. Picha ya mitetemo inaonyesha mahali pa kuuliza swali. Jibu kamili hutoka kwenye kisima cha majaribio.

Mifano ya Olkaria na Oman

Hapa Kenya, kazi hii imefanyika zaidi katika Bonde la Ufa kwa ajili ya mvuke wa kuzalisha umeme. Visima vya Olkaria, karibu na Naivasha, hutegemea nyufa: bila nyufa, mwamba wa moto hautoi mvuke wa kutosha. Huko wataalamu hawalazimiki kuigonga ardhi, kwa sababu ardhi yenyewe hutetemeka kidogo kidogo kila wakati, kwa mitetemo midogo ambayo binadamu haihisi. Vituo vya kupimia hurekodi mitetemo hiyo na kuonyesha inatokea wapi, na mara nyingi hujipanga kando ya mipasuko ambamo maji ya moto hupita. Mahali ambapo wimbi la kutikisa linadhoofika au kupotea, wataalamu hushuku mwamba ulioyeyuka uko chini yake.

Mfano wa pili ni Oman, nchi ambayo watu wa pwani tunaijua kwa damu na biashara. Katika uwanja wa Natih, mafuta na gesi hukaa kwenye mawe ya chokaa yenye nyufa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulifanyika hapo utafiti wa mawimbi ya kutikisa, na kugawanyika kwa mawimbi hayo kukatumika kuchora mielekeo ya nyufa. Ng'ambo ya hapo, huko Hadhramaut nchini Yemen, mafuta yamepatikana hata ndani ya mwamba mgumu wa msingi, ule ambao zamani wachimbaji walipoufikia walifunga kazi. Mafuta hayo yalikuwa ndani ya nyufa.

Miongo mingi ya mitetemo Kaskazini Mashariki

Utafutaji wa mafuta katika eneo letu na Lamu si jambo la jana. BP na Shell walianza miaka ya 1950. Mwaka 1968 walichimba kisima cha Garissa-1, kilichofika mita 1,240 bila kupata mafuta. Miaka ya 1970 na 1980 kampuni za kigeni, zikiwemo Chevron, Total na Amoco, zilipima na kuchimba katika bonde la Anza, ambalo ni ufa mkubwa wa kale uliojaa mashapo, unaotoka upande wa Ziwa Turkana ukielekea kusini mashariki hadi nyika za Garissa.

Baada ya hapo walikuja wengine. Kampuni ya China, CNOOC, ilichimba kisima cha Bogal karibu na Merti mnamo 2009 na 2010, kikapita mita 5,000, kisha kikafungwa. Mwaka 2014 kisima cha Sala-1 katika kitalu namba 9 kilikuta gesi, lakini kilichofuata, Sala-2, hakikuleta matumaini. Mwaka 2015 Badada-1 katika kitalu 2B kilichimbwa na hakikupata mafuta.

Kwa wanahisa wa kampuni hizo, hayo ni majonzi. Kwetu sisi yana sura nyingine. Kabla ya kila kisima kulikuwa na mistari ya mitetemo iliyopimwa, mingine ikipita kwenye malisho yetu kwa makumi ya kilomita. Kampuni zimeondoka, lakini rekodi zipo.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mtafuta mafuta hutaka kuona kilomita mbili, tatu au nne chini. Tabaka la juu, lile la mita 200 za kwanza, kwake ni kero, kwa kuwa mchanga mlegevu huchelewesha mitetemo na kuharibu picha ya chini. Kwa hiyo hulipima ili aliondoe katika hesabu. Huchimba vitundu vifupi kupima kasi ya udongo wa juu, na hutumia mawimbi yanayofika mwanzo kabisa kwenye jiofoni kukadiria unene wa tabaka kavu na mahali mwamba mgumu unapoanzia. Hesabu ikiisha, matokeo hayo huwekwa kando.

Mfugaji wa Garissa anaishi kwa kutegemea mita hizo 200. Kilicho kero kwa mtafuta mafuta kingeweza kuwa ramani ya mwanzo kwa mtafuta maji.

Jambo ambalo mitetemo haiwezi kusema

Nisije nikaeleweka vibaya. Simwambii mtu kwamba rekodi za mafuta zitamaliza kiu ya Kaskazini Mashariki. Kuna jambo moja kubwa ambalo mitetemo hailijui, nalo ni ladha ya maji.

Wimbi linapita kwa kasi karibu ile ile katika mchanga wenye maji matamu na mchanga wenye maji ya chumvi. Na hilo la chumvi ndilo tatizo letu kuu. Tangu mwaka 1977, Idara ya Jiolojia ya Marekani ilipochapisha utafiti wa Swarzenski na Mundorff kuhusu maji ya chini ya ardhi ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki, inajulikana kwamba maji matamu ya Merti yako katika ukanda wa kati, na ukitoka pembeni yanageuka kuwa ya chumvi. Ukanda huo ndio uliobeba kambi za Dadaab tangu 1991, na mwaka 2011 kambi hizo zilikuwa na watu zaidi ya laki nne, mbali na wenyeji na mifugo yao.

Nilikuwepo kisima kimoja kilipofunguliwa upande wa mashariki, kimechimbwa na mkandarasi aliyekwisha kulipwa. Maji yalitoka kwa nguvu na akina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Akanigeukia akasema, "Mwanangu, hata ngamia atayakataa haya." Kisima hicho hakijawahi kutumika.

Kipimo kinachoweza kutofautisha chumvi na utamu kabla ya kuchimba ni kile cha umeme. Mkondo mdogo hupitishwa ardhini na kupimwa unavyozuiliwa. Maji ya chumvi huupitisha kwa urahisi, maji matamu huuzuia zaidi. Lakini kipimo hicho nacho kina udhaifu wake: udongo wa mfinyanzi pia hupitisha umeme, na ukaweza kudhaniwa ni maji ya chumvi. Mitetemo nayo huonyesha umbo la matabaka, unene wake na mahali palipopasuka. Ndiyo maana vipimo hivi viwili vinahitajiana. Kimoja kinaeleza nyumba ilivyojengwa, kingine kinasaidia kukisia nani anaishi ndani.

Wenzetu wa Turkana waliupata ukweli huu kwa uchungu. Mnamo Septemba 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba hazina kubwa ya maji imegunduliwa huko Lotikipi kwa msaada wa picha za setilaiti. Dunia nzima ikaandika. Baadaye visima vya majaribio vikaonyesha maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno kwa kunywa. Mashine ilikuwa imeona umbo, haikuwa imeonja.

Rekodi hizi ni za nani?

Mikataba ya utafutaji mafuta nchini Kenya huipa serikali umiliki wa data inayokusanywa. Kwa miaka mingi Shirika la Taifa la Mafuta, NOCK, ndilo lililokuwa mhifadhi wake. Yaani, rekodi za mitetemo ya Garissa, Wajir na Mandera si siri ya kampuni iliyofunga virago. Ni mali ya umma, ingawa kuna kanuni za usiri kwa data ambayo bado inatumika. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa serikali.

Sheria ya Petroli ya 2019 tunaikumbuka kwa ile asilimia 20 ya mapato ya serikali kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii husika. Tumebishana sana kuhusu asilimia za mafuta ambayo hatujayaona. Hatujabishana vya kutosha kuhusu data ambayo tayari ipo.

Kwa maoni yangu, kaunti tatu za Kaskazini Mashariki, pamoja na majirani zetu wa Isiolo, Tana River na Lamu, zingefanya jambo moja kwa pamoja: kuomba rekodi za zamani na kuajiri wataalamu wachache wa kuzichambua upya kwa jicho la maji. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kuchimba kwa kubahatisha. Wakati wa ukame, visima huchimbwa kwa pupa na kwa siasa, na kila kimoja kikavu au cha chumvi ni mamilioni ya shilingi yaliyofukiwa.

Kabla mashine haijaanza kuchimba katika kijiji chako, iwe kwa fedha za kaunti, za mbunge au za shirika la misaada, uliza maswali haya:

1. Je, kuna ripoti ya uchunguzi wa maji chini ya ardhi na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, kama inavyotakiwa? Tunaweza kuiona?
2. Mwamba wa hapa ni wa mchanga, wa chokaa au mwamba mgumu? Kama ni wa nyufa, nyufa hizo zimetafutwa kwa kipimo gani?
3. Je, umeme wa ardhini umepimwa ili kukisia chumvi?
4. Kuna mstari wa mitetemo wa zamani uliopita karibu? Kuna mtu aliyeutazama?
5. Maji yakipatikana, yatapimwa chumvi na floraidi kabla mkandarasi hajalipwa malipo ya mwisho?

Na kampuni ya mafuta ikirudi, ongeza la sita: kisima chenu kitakapopita katika maji yetu matamu, mtakizungushia chuma na saruji vipi ili maji ya chumvi ya chini yasipande? Mwenye kutafuta nyufa anajua vizuri kwamba kila tundu analochimba ni ufa mpya.

Maswali haya hayahitaji shahada. Yanahitaji mwananchi aliyejiandaa na kiongozi asiyeona aibu kuulizwa. Nyaraka zikiletwa mezani zisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kisomali, mbele ya wazee, akina mama na vijana, kabla ya tone la kwanza la dizeli kumiminwa kwenye mashine.